Matuta ya 1955 na daftari la mwanafunzi

"Changamoto za kilimo katika Milima ya Uluguru: uchunguzi kifani wa Matombo." Vichwa vya namna hii tumevizoea kwenye rafu za maktaba za vyuo vyetu. Morogoro ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo hapo tangu 1984, Mzumbe kipo nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Iringa, na vyuo vingine vimefuata. Milima yenyewe inaonekana kutoka madirishani mwa mabweni, kwa hiyo msimu wa tafiti ukifika vijana hupanda gari za Matombo na madodoso yao mkobani. Wengi wao wana eneo la utafiti lakini hawana swali, na asiye na swali hana anachoweza kupanga.

Tuchukue jambo lililotokea Matombo kwelikweli, tuone mwanafunzi angelishika wapi. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unashuka na maji, ikaandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watu wakaamriwa kuchonga matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito na ilikula siku za kulima. Mahali pengi jembe lilifukua udongo wa chini usio na rutuba ukafunika ule mwembamba wa juu unaolisha mmea, na mavuno yakapungua. Julai 1955 mkutano wa hadhara Matombo ulivunjika kwa mawe na risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango wa matuta haukuinuka tena. Wakati huo TANU, chama kilichodai uhuru, kilikuwa ndiyo kwanza kimetimiza mwaka mmoja.

"Migogoro ya ardhi wakati wa ukoloni" ni mada. "Kwa nini watu wa Matombo walikataa matuta?" ni swali, ila bado ni kubwa kwa mtu mwenye muhula mmoja na nauli ya kubana. Sasa lipunguze: wazee wa kijiji kimoja wanaelezaje sababu za kukataa, na maelezo yao yanapishana wapi na yale ya maofisa wa wakati ule? Hapo kazi imeanza kujipanga yenyewe. Mwanafunzi anajua kwamba ataenda kwa wazee, kisha Nyaraka za Taifa Dar es Salaam kutafuta majalada. Anajua pia asichohitaji, na hilo ni nusu ya mpango. Kurasa kumi za jiografia ya Tanzania, zile zinazojazwa ili sura ya kwanza ionekane nene, hazina kazi tena.

Ningependa kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kwa mkono kabla ya kufungua kompyuta. Aandike anataka kujua nini, nani anakijua, na jibu gani likija litamfanya akubali kwamba alidhani vibaya. Hilo la mwisho ndilo linalowatoa watu jasho. Siku hizi programu za akili mnemba zinatoa pendekezo la utafiti kwa dakika chache, malengo mahususi yakiwa yamepangwa vizuri, na jina la kijiji hata likibadilishwa hakuna kinachoharibika. Pendekezo ambalo linaweza kuhamishwa kutoka Matombo kwenda Lushoto bila kugusa sentensi nyingine halijapangwa.

Kusoma kunafuata, na ni vizuri mwanafunzi ajue kwamba Matombo imeandikwa sana. Misheni ya Matombo ilianzishwa mwaka 1897 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, na wamisionari ni watu wa kutunza kumbukumbu. Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru, wenyeji wa milima hii, mwaka 1960, miaka mitano tu baada ya ghasia. Pamela Maack aliandika juu ya upinzani dhidi ya matuta katika kitabu cha 1996 ambacho Isaria Kimambo alikuwa mmoja wa wahariri wake. Peter Pels alipata udaktari Amsterdam mwaka 1993 kwa tasnifu juu ya wamisionari na Waluguru, na kitabu chake kikatoka 1999.

Tatizo ni namna ya kusoma. Mapitio ya maandiko mengi huenda hivi: fulani (1960) anasema, fulani (1996) anasema, fulani (1999) naye anasema, mpaka sura inaisha na mwandishi mwenyewe hajafungua mdomo. Mwanafunzi aliyeandika swali lake mapema anasoma kwa namna nyingine. Kila kitabu anakiuliza: unasema nini kuhusu swali langu, umejuaje, na nani hukumuuliza? Majibu ya swali hilo la mwisho yakikusanywa, pengo la utafiti linajitokeza bila kutafutiwa maneno.

Kwenye dodoso ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fomu ya kawaida huanza na jina la mkuu wa kaya, kisha ukubwa wa shamba lako, kisha umelipataje: kununua, kurithi kwa baba, kupewa na serikali ya kijiji. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo kwa desturi hupita upande huo. Mwanamume anaweza kulima eneo la ukoo wa baba yake maisha yake yote, lakini akifa eneo linarudi kwa wenyewe. Bibi akiulizwa shamba ni la nani atajibu, "Ni la ukoo, mjukuu wangu," na kijana, kwa kuwa hana kisanduku cha kuweka jibu hilo, ataweka alama kwenye "nyinginezo". Jibu zito kuliko yote ya siku hiyo limeingia kapuni.

Tena jibu hilo linagusa moyo wa 1955. Anayelima eneo la ukoo mwingine angechonga matuta ya kudumu kwa ajili ya nani, na kwa ruhusa ya nani? Wataalamu wa mpango ule walikuwa na ramani na vipimo vya mteremko, wakaandika jibu kabla ya kumuuliza mwenye ardhi. Mwanafunzi anayepanda Matombo na dodoso alilonakili kwa mwenzake anarudia njia ileile, tofauti ni kwamba yeye hana askari. Dawa yake haina gharama. Maswali yajaribiwe kwanza kwa watu wawili watatu wa hukohuko, na yatakayokwama yaandikwe upya.

Kisha kuna vibali. Barua ya chuo, katibu tawala, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji: kila meza ina siku zake, kwa hiyo zianze kufuatiliwa mapema. Masika nayo iheshimiwe. Miteremko ya mashariki, upande wa Matombo, hupokea mvua nzito kutoka Bahari ya Hindi. Lakini kuahirisha mwaka mzima pia kuna hasara. Aliyekuwa na miaka 15 wakati wa ghasia zile sasa amepita 80.

Ukifika, "Shikamoo, babu" itaitikiwa, kisha litakuja swali la "wewe wa nani?" Lijibu kwa utulivu na kwa ukamilifu, kwa sababu mzee anataka kujua anaongea na mtoto wa watu gani. Omba ruhusa ya kurekodi, na bado uandike. Mzee atanyoosha kidole: matuta yalichongwa pale, watu walikusanyika kule. Ukisikiliza simu yako bwenini wiki mbili baadaye utabaki na "pale" na "kule" tu. Jioni ileile, kabla ya kulala, chora mteremko kwenye daftari na uandike majina ya mahali kama alivyoyatamka.

Uandishi wa mwisho ni bora uanzie kwenye matokeo, maana ndiyo sehemu ambayo hakuna mwingine anayeweza kukuandikia. Sura za mwanzo zitarekebishwa baadaye, pamoja na zile "utafiti utatumia" ambazo lazima ziwe "utafiti ulitumia", kosa ambalo wasimamizi hulizungushia wino mwekundu kila mwaka. Msimamizi apelekewe sura moja moja. Anayepotea muhula mzima akarudi na kurasa mia atarudishwa na kurasa mia.

Kazi nyingi juu ya Matombo zimeandikwa kwa Kiingereza, na hata zile za vyuo vilivyo chini ya mlima huishia maktaba. Wazee walitoa siku zao za shamba kujibu maswali, na wajukuu wao wanaosoma sekondari hapohapo hawana pa kuyasoma majibu hayo. Hili linaniuma, na naamini linarekebishika siku ya kwanza ya kupanga. Kwenye bajeti ya pendekezo, baada ya nauli na vocha, uwekwe mstari mmoja zaidi: muhtasari wa Kiswahili wa kurasa kumi, nakala moja ya ofisi ya kata, moja ya serikali ya kijiji, moja ya shule, na moja kwa kila mzee aliyehojiwa.