Gesi ya jokofu haiishi, huvuja

Katika nyumba nyingi za mijini humu nchini, jokofu likiacha kubaridisha vyakula, hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi: gesi imekwisha. Fundi huitwa, gesi hujazwa, mwenye nyumba hulipa, na baada ya miezi michache maziwa huanza kuchacha tena. Fundi huitwa mara ya pili, na hukumu huwa ni ile ile.

Hukumu hiyo aghalabu ni batili. Gesi ya jokofu si kama gesi ya kupikia, ambayo huteketea kadiri inavyotumiwa. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa: kompresa huisukuma hadi nyuma ya jokofu ikatoe joto, kisha hurejea ndani kuchukua joto jingine. Mzunguko huo waweza kuendelea kwa miaka mingi pasi na kuongezwa chochote. Ikiwa kweli gesi imepungua, basi pana tundu. Kuijaza bila kuliziba tundu hilo ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Isitoshe, mara nyingi gesi haina hatia. Kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba na achunguze mambo machache. Kwanza, ahakikishe umeme unafika. Plagi zetu zina fyuzi, nazo huungua. Pili, abane noti kati ya mpira wa mlango na jokofu, aufunge mlango, kisha aivute. Ikitoka bila kizuizi, hewa ya joto inapenya, na pengine mpira wahitaji kuoshwa tu kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Tatu, achomoe plagi, apanguse vumbi lililoganda kwenye mabomba ya nyuma, na alisogeze jokofu mbali kidogo na ukuta, kwani joto lisipopata pa kutokea, ubaridi haupatikani.

Nne, atazame barafu. Ikirundikana kwenye kuta za friza huzuia ubaridi. Alizime jokofu, aiache barafu iyeyuke yenyewe, wala asiikwangue kwa kisu. Kisu hutoboa mabomba, na hapo ndipo gesi huvuja kwa hakika.

Umeme nao una lawama zake. Ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa hulazimika kuanza kazi kabla msukumo wa gesi haujatulia, na yaweza kuungua. Ni busara kuchomoa plagi umeme unapopotea, na kungoja dakika 5 hivi baada ya kurejea.

Jambo hili si la fedha pekee. Chakula chahitaji ubaridi usiozidi nyuzi 5 za Selsiasi, na friza yafaa iwe nyuzi 18 chini ya sufuri. Nyama iliyolala katika jokofu vuguvugu huaminiwa kwa sababu tu ilitoka humo, na watoto ndio wanaougua.

Aidha, gesi inayovuja haipotei. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulilenga kukomesha gesi za majokofu ya zamani zilizoharibu tabaka la ozoni. Ile ya R134a iliyozifuata haidhuru ozoni, lakini huchangia kuongeza joto duniani. Nayo R600a, iliyomo katika majokofu mengi mapya, hushika moto. Fundi awashaye mwali wa kuchomelea kabla ya kusoma kibandiko cha jokofu anahatarisha nyumba nzima.

Siwashutumu mafundi wote. Wapo waaminifu wanaotafuta tundu kwa povu la sabuni kabla ya kugusa mtungi wa gesi. Lakini mteja asiyeuliza humzoesha fundi kutotafuta. Basi, msomaji, ukiambiwa gesi imekwisha, uliza swali moja tu: imetokea wapi? Fundi akikuonyesha tundu na kuliziba, mlipe haki yake yote. Asipoweza, funga mfuko wako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa upya kila baada ya miezi michache.