Ulisingiziwa Ukiwa Shule? Wasichana wa Butere Walionyesha Vile Msee Husimama

Nikiwa darasa la sita, shule moja huku Kakamega, pesa za mtihani zilipotea kwa droo ya mwalimu. Mimi ndiye nilikuwa nimefagia ofisi hiyo asubuhi, kesi ikaisha hapo. Hakuna mtu aliniuliza kitu. Nilikula viboko mbele ya paredi. Wiki iliyofuata pesa zikapatikana kwa bahasha, ndani ya rejista. Sori? Sikuwahi kuiskia.

Viboko vilipoa baada ya siku mbili. Kunyimwa nafasi ya kuongea ndiyo bado inaniuma, na najua wasee wengi mko na stori kama hii.

Ndio maana ile ya Butere Girls ilinigusa.

Ilikuwaje Butere?

Aprili 2025, hii shule ya hapa kaunti yetu ilikuwa na mchezo wa kuigiza unaitwa Echoes of War. Uliandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega, na unaongelea vijana na uongozi mbaya. Ukatolewa kwa mashindano. Wakubwa wakaanza kuuliza mwanasiasa anatafuta nini kwa drama ya shule, ni kama wasichana hawana akili yao. Mahakama Kuu ikasema warudishwe.

Wakafika Nakuru, mashindano ya kitaifa. Usiku wa kuamkia siku yao, Malala akashikwa na makarao. Asubuhi ya Aprili 10 hawakuwa na mwelekezi wao wala watazamaji. Manze, hao mabinti waliimba wimbo wa taifa, wakatoka, wakarudi kwa basi. Nje polisi walikuwa wanarushia watu vitoa machozi.

Na hiyo shule ilishapitia haya. 2013 mchezo wao Shackles of Doom, pia wa Malala, ulipigwa marufuku eti unachochea chuki. Okiya Omtatah akaenda kortini, na marufuku ikaondolewa.

Sheria inasema nini?

Viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001. Kumbe hata vyangu vilikuwa haramu! Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumchapa mwanafunzi na pia kumtesa kiakili. Anayepatikana na hatia anaweza kupigwa faini hadi shilingi 100,000, ama jela hadi miezi 6, ama zote mbili.

Katiba nayo, kifungu cha 53, inalinda kila mtoto dhidi ya ukatili. Kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa ofisi ya serikali lazima ufuate haki, na ukigusa haki zako unafaa kupewa sababu kwa maandishi.

Sasa ukiwekelewa makosa ufanye nini?

1. Usikubali kitu hujafanya ndio mambo iishe. Ukishakubali, hiyo ndiyo stori itabaki.
2. Andika kila kitu hiyo siku: nani alisema nini, saa ngapi, nani alikuwa hapo.
3. Tafuta mtu mzima anakuamini, awe mzazi, shangazi ama mwalimu mwingine, aende na wewe ofisini.
4. Ukifukuzwa, mzazi aitishe sababu kwa maandishi.
5. Ukichapwa ama kuteswa, piga 116. Ni laini ya watoto na ni bure.
6. Usirushe jiwe, usichome bweni. Hapo unawapa kosa la ukweli, na ile ya kusingiziwa inasahaulika.

Hiyo ya mwisho ndiyo Butere walicheza poa zaidi. Waliambiwa wanatumiwa, wakajibu na wimbo wa taifa. Utamshtaki mtoto kwa kuimba wimbo wa nchi yake?

Na kama sasa wewe ndiye mzazi ama mwalimu, kitu ikipotea anza na swali moja: "Ilikuwaje?" Mimi bado nangoja kuulizwa.

Wewe je, uliwahi kuwekelewa nini?