Chungu Kinachochemka Kichakani

Haya wapwa zangu, sogeeni.

Ni alfajiri, Kasulu. Ukungu bado umelala bondeni. Migomba haijatikisika. Nyuma ya jiko, kichakani, kuna chungu kinachemka. Kwanza kinanong'ona. Halafu kinatokota. Halafu kinafurika mpaka kifuniko kinaruka!

"Mjomba, nani anapika saa hizi?"

Umeuliza vyema, mwanangu. Hapiki mtu. Anaimba ndege. Hebu tumsikilize mwenyewe.

"Mimi ni kurumbiza nyusi-nyeupe. Ukitaka kunitambua, niulize mambo matatu. Umevaa nini? Unaimbaje? Unaishi wapi?"

Umevaa nini?

"Kofia nyeusi. Juu ya jicho, mstari mweupe mrefu, kama umechorwa kwa chaki. Kifua na tumbo, rangi ya chungwa. Urefu wangu sentimita 20 hivi, siifikii rula yako ndefu ya shule."

"Mjomba, na nikiona mwingine mwenye kifua cha chungwa?"

Swali la mtu mwenye macho! Tazama nyusi. Yuko binamu yake ambaye hata uso ni wa chungwa. Huyo nyusi nyeupe hana.

Unaimbaje?

"Kama chungu: chini, juu, juu zaidi. Naimba kipande kilekile, narudia, narudia. Mara nyingi mwenzangu huniitikia, ukadhani ni ndege mmoja."

Unaishi wapi?

"Kichakani. Kando ya mto. Hata bustanini, mradi pana kivuli. Chakula changu kiko chini, kwenye majani makavu: sisimizi, mbawakawa. Ukifyeka kichaka, umenizimia moto jikoni."

"Mjomba, anaishi kwetu tu?"

La, mwanangu. Shika barabara ya Kibondo, yupo. Nenda kaskazini mpaka Ethiopia, yupo. Rudi kusini mpaka Afrika Kusini, yupo.

"Basi yupo kila mahali!"

Taratibu. Nyumbani ua wote ni wa mama, sivyo? Lakini ukitaka kumwona akipika, unamtafuta wapi? Jikoni. Kurumbiza naye ni hivyohivyo. Ua wake ni mkubwa, umevuka nchi nyingi. Jiko lake ni kichaka. Ukisimama katikati ya uwanja wa mpira, umo ndani ya ua wake, lakini hutamwona.

Mwaka 1866 mtaalamu wa Ujerumani, Gustav Hartlaub, alimpa jina la kisayansi. Bibi zetu walikuwa wameshaamshwa naye siku nyingi.

"Na nikimsikia nisimwone?"

Swali moja kati ya matatu limejibiwa. Keti. Nyamaza. Tazama chini, siyo juu mtini.

Basi juzi, kabla jua halijachomoza, mpwa wangu mdogo alinivuta shuka. Alikuwa na umande magotini.

"Mjomba, amka! Chungu kimechemka. Na nyusi nimeziona!"