Doa la Manjano

Jicho la mwanadamu laona vitu vingi kwa mara moja, lakini halivioni vyote sawasawa. Mwanafunzi akikaza macho juu ya neno moja katikati ya ukurasa huu, asiyageuze kabisa, ataliona neno lile waziwazi; lakini maneno ya kandokando, ingawa aona kuwa yapo, hawezi kuyasoma.

Sababu yake imo nyuma ya jicho. Nuru huingia kwa mboni na kuangukia utando mwembamba wenye mamilioni ya chembe za kuipokea. Katikati ya utando huo pana doa la manjano, upana wake kama milimita 5 tu. Tabibu Francesco Buzzi wa Milan, katika Italia, alilieleza mwaka 1782. Rangi hiyo mwili hauwezi kujifanyia. Huipata katika chakula, kama mboga za majani, mahindi ya manjano na kiini cha yai.

Ndani ya doa mna kishimo kidogo mno, na humo chembe zimesongamana kuliko mahali pengine pote. Hizo ndizo zipambanuazo herufi, tundu la sindano na uso wa rafiki. Kwa hiyo macho ya msomaji hayatulii, bali huruka-ruka juu ya mstari, ili kila neno lipate kuangukia kishimoni. Lakini chembe hizo zataka nuru nyingi. Usiku zile za pembeni huzishinda: mtu akitazama kando kidogo ya Kilimia, huona nyota zaidi kuliko akikikazia macho.

Adui mkubwa wa doa hili ni jua. Jicho hukusanya miali yake mahali pamoja, kama kioo cha kukuzia kichomacho karatasi. Siku nyingine mtu hufumba macho upesi. Bali jua likipatwa mwanga hupungua, naye huthubutu kulitazama, kumbe kipande kilichobaki chachoma vilevile. Tena utando ule hausikii maumivu. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa mfano wa pete, likaonekana hivyo Rujewa, katika Mkoa wa Mbeya, na watazamaji wengi walitumia miwani iliyofanywa kwa kazi hiyo. Miwani ya jua ya kila siku haitoshi.

Aliyeumia hajui mara moja. Baada ya saa kadhaa huona kivuli katikati ya kila akitazamacho: njia na miti ya kando aviona, bali uso wa anayesema naye umefichika. Wengine hupata nafuu baada ya miezi; wengine kivuli hicho hakiwaondoki tena.