Kabla ya kubonyeza, iambie kamera unachotaka

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba majuto ni mjukuu. Yangu yalinifika mwezi wa Februari, siku tatu kabla ya mazishi ya nyanya yangu, tulipokaa sebuleni mjini Kitale kutafuta picha yake ya kuweka kwenye jalada la ratiba ya mazishi.

Picha hazikukosekana. Miezi miwili awali, katika harusi ya binamu yangu papo hapo Kitale, nilikuwa nimepiga picha 140 kwa kamera yangu ya dijitali. Nyanya alikuwemo katika tisa kati ya hizo. Lakini ajabu ni kwamba katika zote tisa, gauni la bi harusi lilionekana vizuri, kila pambo mahali pake, ilhali uso wa nyanya aliyesimama kando yake ulikuwa kiza kitupu.

Hatimaye tulitumia picha ya kitambulisho chake. Tuliikuza kupita kiasi hadi ikapoteza sura.

Kamera haikuwa mbovu. Mwenye makosa nilikuwa mimi, kwa kuwa niliiweka kwenye Auto tangu asubuhi hadi jioni, nikaiachia ifikiri kwa niaba yangu. Naamini si mimi peke yangu. Jamaa wengi mijini wana kamera nzuri, zikiwemo zile zilizotumwa na ndugu walio ng'ambo, na kile kijigurudumu cha juu chenye herufi hakijawahi kuzungushwa hata siku moja.

Baada ya mazishi nilisafiri hadi Bungoma. Matatu ilipita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, tukafika Webuye kisha tukaishika barabara ya Malaba. Nilikwenda kumwona mzee mmoja mwenye studio ya picha, ambaye alianza kazi hiyo enzi za filamu.

"Mulembe, mzee," nikamwamkia, nikamkabidhi kamera.

Alizitazama picha zile tisa moja baada ya nyingine bila kusema neno. Kisha akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "kamera haimjui nyanya yako. Inajua mwanga tu."

KIPIMO KISICHOJUA WATU

Nilichofunzwa siku hiyo ni hiki. Ndani ya kila kamera mna kipimo cha mwanga. Kipimo hicho hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, ukichanganya weusi na weupe wake wote, kitatoa rangi ya kijivu ya wastani. Kamera za siku hizi hujaribu kuutambua uso wa mtu, lakini msingi wa kipimo haujabadilika.

Kwa hivyo, gauni jeupe na hema jeupe vikiijaza picha, kamera hudhani kwamba mwanga umezidi, nayo huupunguza. Nyuso nyeusi zilizo karibu na gauni hilo ndizo huumia. Ukiielekeza kwa fahali mweusi aliyesimama kivulini, hufanya kinyume. Hudhani kuna giza, huzidisha mwanga, na fahali wako hutoka kijivu kama aliyepakwa majivu.

Tatizo la nyuso nyeusi halikuanza na dijitali. Enzi za filamu, kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi, zikiwa na picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Rangi ya ngozi yake ikitoka sawasawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawasawa. Ilikuwa hadi miaka ya 1990 ndipo kampuni hiyo ilipotoa kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali.

Dawa ya ugonjwa huu imo ndani ya kamera yenyewe. Ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, yaani +/-. Ukikisogeza hadi +1, unaiagiza kamera iingize mwanga maradufu ya ule iliyokuwa imekusudia. Ukikiweka -1, unaupunguza kwa nusu. Kanuni ni rahisi kukumbuka, ingawa mwanzoni inaonekana kama kichekesho: palipo na weupe mwingi, ongeza, palipo na weusi mwingi, punguza.

Tatizo ni kwamba katika kamera nyingi kitufe hiki hakifanyi kazi ukiwa kwenye Auto. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kukizungusha kile kijigurudumu.

DIRISHA LA CHUMBA

Kabla ya kuzifikia herufi, mfikirie mtu aliyeketi katika chumba chenye dirisha moja. Mwanga unaomfikia hutegemea mambo matatu: upana wa dirisha, muda ambao limeachwa wazi, na ukali wa macho yake.

Upana wa dirisha ni tundu la lenzi. Hupimwa kwa namba kama f/2.8, f/4, f/5.6 na f/8. Hapa wengi hukanganyikiwa, kwa kuwa namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Tundu kubwa huingiza mwanga mwingi, na pia huacha kitu kimoja tu kikiwa wazi huku vilivyo mbele na nyuma yake vikiingia ukungu. Tundu dogo huonyesha vizuri vya karibu na vya mbali.

Muda wa dirisha kuwa wazi ni kazi ya shata. Hupimwa kwa sehemu za sekunde, kama 1/60 au 1/500. Shata ya kasi humgandisha mkimbiaji hewani, lakini shata ya polepole humwacha akionekana kama moshi.

Ukali wa macho ndio ISO. ISO 100 inahitaji mwanga mwingi, na ISO 3200 huona hata magharibi inapoingia. Hata hivyo, kila unapoipandisha, picha huanza kuwa na chenga kama televisheni iliyokosa mawimbi. Enzi za filamu ulinunua mkanda wa 100 au 400 ukaumaliza wote hivyo hivyo. Leo unaweza kuibadilisha ISO kwa kila picha, nafasi ambayo wapiga picha wa zamani hawakuwa nayo.

Sasa herufi zenyewe. Kwenye P, kamera hupanga tundu na shata, lakini inakusikiliza ukiiambia +1. Kwenye A, ambayo Canon huiandika Av, wewe unachagua tundu nayo inachagua shata. Kwenye S, ambayo Canon huiandika Tv, wewe unachagua shata nayo inachagua tundu. Kwenye M unapanga vyote mwenyewe.

Kwa hivyo kila herufi ni swali unaloulizwa: je, ni lipi muhimu zaidi katika picha hii?

KUTOKA KITALE HADI BUNGOMA

Tuanze na harusi. Ukipiga picha ya jamaa waliopanga safu tatu, lililo muhimu ni kila mtu aonekane, kuanzia watoto walioketi nyasini hadi wajomba walio nyuma. Weka A, tundu f/8. Kama bi harusi yuko mbele na gauni lake limejaa, ongeza +1, kisha utazame kioo cha kamera uhakikishe nyuso zimeonekana.

Chunga pia hema. Kitambaa cha buluu au kijani humwaga rangi yake juu ya nyuso za watu, ukadhani wageni wote ni wagonjwa. Watoe nje, uwasimamishe chini ya mti au kwenye kivuli cha nyumba.

Kuhusu jua, Kitale iko takriban digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, na Bungoma iko karibu nayo zaidi. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini, na kofia hugeuza macho kuwa mashimo meusi. Ikiwa hamwezi kungoja, washa flashi hata mchana ili ijaze vivuli hivyo. Mwanga mzuri zaidi ni wa saa ya kwanza baada ya macheo na ya mwisho kabla ya machweo, nao haukawii kwisha.

Tukitoka Kitale kwa barabara ya Kapenguria, tunaifikia Saiwa Swamp, mbuga ya kitaifa iliyotengwa mwaka 1974 na ambayo ukubwa wake ni takriban kilomita 3 za mraba. Humo huishi nzohe, swala wa kwenye vinamasi, na watu huingia kwa miguu. Nzohe hujitokeza zaidi alfajiri na jioni, mwanga ukiwa haba. Fungua tundu lote na upandishe ISO hadi 1600 au zaidi. Ikiwa lenzi yako ni ya milimita 300, shata isiwe chini ya 1/300, la sivyo mtikisiko wa mikono utaiharibu picha. Afadhali chenga kuliko ukungu.

Karibu na Webuye, mto Nzoia huporomoka kwenye maporomoko ya Nabuyole. Hapa mambo ni kinyume. Weka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu au jiwe lililotulia, weka S, shata 1/4, ISO 100. Maji yatatoka laini kama pamba. Ukitaka kila tone lionekane likiruka, panda hadi 1/1000. Mto ni ule ule, lakini utapata picha mbili tofauti kabisa.

Katika uwanja wa Masinde Muliro ulioko Kanduyi, mpira unahitaji angalau 1/500. Na tafadhali, zima flashi. Ile iliyo ndani ya kamera hufika mita chache tu mbele yako. Wazazi wanaomulika kutoka viti vya nyuma katika sherehe za shule humulika visogo vya wenzao tu.

Mtihani mgumu zaidi ni tohara ya Wabukusu, ambayo hufanyika Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, kama ilivyokuwa 2022 na 2024. Alfajiri, kijana hurudi kutoka mtoni akiwa amepakwa tope, umati ukimsindikiza kwa nyimbo. Kuna giza, kuna mbio, na jambo lenyewe halirudiwi. Weka S, shata 1/250, ISO 3200 au zaidi. Namba ya tundu ikianza kumetameta, kamera inakuambia mwanga hautoshi, kwa hivyo pandisha ISO tena. Usimmulike kijana kwa flashi. Anatakiwa kusimama imara bila kupepesa jicho. Omba ruhusa kwa baba yake mapema, na kisu kinapofanya kazi yake, shusha kamera.

Wenye simu nao wasijione wametengwa. Gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha usogeze juu alama ya jua inayojitokeza. Hiyo ndiyo +1 ya simu. Nyingi pia zina sehemu iitwayo Pro yenye shata na ISO.

PICHA 36

Kabla sijaondoka studio, nilimuuliza mzee kwa nini watu wa zamani hawakuharibu picha jinsi tunavyoziharibu.

"Tuliharibu pia," akacheka. "Lakini mkanda ulikuwa na picha 36, na kila moja nililipia. Kwa hivyo nilifikiri kwanza, kisha nikabonyeza. Nyinyi mnabonyeza kwanza."

Tangu siku hiyo nina zoezi ambalo wanafunzi wanaweza kulijaribu wakati wa likizo bila gharama. Weka kikombe cheupe dirishani na umwombe mtu aketi kando yake. Mpige picha ukiwa kwenye P, mara ya kwanza bila kubadilisha kitu, ya pili kwa +1, ya tatu kwa -1. Rudia kwenye A kwa f/4 na f/8. Chini ya nusu saa utakuwa umeifahamu kamera yako kuliko mwaka mzima wa Auto.

Mwezi uliopita nilimkuta mama akichambua maharagwe mlangoni, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa. Ukuta mweupe, uso mweusi. Niliweka A, f/4, nikaongeza +1. Alilalamika kwamba hajajifunga kitambaa kizuri. Nilimwambia abaki vivyo hivyo.

Picha hiyo nimeichapisha na kuitundika sebuleni. Mikunjo yote ya kando ya macho yake inaonekana. Kando yake tumetundika ya nyanya, ile ya kitambulisho.