Gesi si Moja, Tuzitaje kwa Namba Zao

Ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu anayekula mshahara kwa kufundisha maana za maneno anaweza kumtia mamake mzazi taabuni kwa neno moja tu. Mtu huyo ni mimi, na neno lenyewe ni "gesi".

Marehemu baba alituachia gari aina ya Peugeot 505 alilolinunua mwaka 1990. Lina kiyoyozi, lakini kwetu Wundanyi, ambako mwezi wa Julai watu huvaa sweta hata mchana, hakuna aliyepata kukiwasha. Baba alizoea kusema kwamba mlima una kiyoyozi chake kisichodai petroli. Kwa hiyo gesi ilivuja kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, wala hakuna aliyetambua kwamba imekwisha.

Haja ilizuka mama alipopatwa na pumu, ikawa hapana budi apelekwe kwa daktari Mombasa kila baada ya miezi miwili. Msomaji anayeijua njia hiyo hahitaji kuelezwa. Ukishateremka zile kona hadi Mwatate, kisha ukafika Voi, umekwisha kuagana na baridi. Mbele yako kuna Maungu, Mackinnon Road, Samburu na Mariakani: nyika, jua, vumbi jekundu na moshi wa malori. Kufungua dirisha ni kumvutisha mgonjwa vumbi, na kulifunga ni kumpika. Nikalipeleka gari kwa fundi mmoja, nikamwambia maneno mawili: "Tia gesi." Akatia.

Safari ya kwanza tulistarehe. Katika safari ya pili, tulipokwisha kuipita Maungu, kompresa ilipiga ukelele kisha ikakwama kabisa. Tukafungua madirisha yote. Mama alikohoa hadi Mariakani, kanga ameiziba puani, wala hakunilaumu. Kutolaumiwa huko ndiko kulikoniuma zaidi.

Tuliporejea nilimwendea fundi mwingine, kijana wa pale Voi. "Mwalimu, ulimwambia atie gesi gani?" akaniuliza. Nikajibu kwa kujiamini kwa kisomi: "Gesi ya kiyoyozi." Akatabasamu kwa adabu. "Gari hili lilitengenezewa gesi 12. Yeye ametia 134. Alikutii, Mwalimu, ila hakubadilisha mfumo."

Hapo ndipo nilipoanza kusomeshwa. Oili ya kompresa za zamani ilikuwa ya madini, nayo huyeyuka ndani ya gesi 12, ikazunguka pamoja nayo na kurudi ilikotoka. Katika gesi 134 haiyeyuki. Hutuama kwenye koili iliyo chini ya dashibodi, na kompresa huendelea kusaga chuma juu ya chuma hadi ife. Kijana aliponifungulia yangu, ndani mlikuwa na chenga za chuma laini kama unga.

Namba hizo nilizidhani ni za kiwandani tu, kama namba za nyumba. Nilipozichunguza niligundua kwamba zina sarufi, tena sarufi safi kuliko ya ngeli zetu. Namba kamili ya ile ya pili ni 134a. Tarakimu ya mwisho huhesabu atomu za florini. Inayoitangulia huhesabu za hidrojeni, ila imeongezwa moja. Ya kwanza huhesabu za kaboni, ila imepunguzwa moja, na ikiwa ni sifuri haiandikwi. Basi 12 ni kaboni moja, hidrojeni hakuna, florini mbili. Kaboni ina mikono minne. Miwili iliyobaki imeshikwa na klorini. Na 134 ni kaboni mbili, hidrojeni mbili, florini nne. Kaboni hizo zikishashikana zenyewe hubakiwa na mikono sita, na yote sita imekwisha kupata wa kuishika. Klorini haina pa kukaa. (Herufi a hubainisha mpangilio wa atomu hizo tu.)

Klorini hiyo ndiyo kiini cha mambo yote. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na F. Sherwood Rowland walitahadharisha kwamba gesi za jamii ya 12 hupanda juu sana angani, zikavunjwa na mwanga wa jua na kuachilia klorini inayoliharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ikatiwa saini mwaka 1987, Kenya ikajiunga mwaka 1988, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi mwaka 2010 kuachana na gesi hizo. Sekretarieti ya itifaki hiyo iko Nairobi, katika nchi yetu wenyewe. Hata hivyo, kutoka huko hadi gereji za Voi maneno yake hufika yamepungua sana: yote huwa "gesi".

Kubadilisha mfumo ni kazi ya siku, si ya dakika kumi. Kijana aliinyonya gesi iliyobaki akaitia mtunguni badala ya kuiachia hewani, akaisafisha mifereji yote, akafunga kompresa nyingine yenye oili ya esta, ambayo huvumilia mabaki ya oili ya zamani. Akabadilisha chupa ya kukaushia unyevu na pete za mpira kwenye viungo, akafunga midomo ya kujazia ya umbo jingine, makusudi ili mtu asiweze tena kuchomeka mpira wa gesi 12. Kisha akainyonya hewa yote iliyomo kwa pampu, na mwisho akapima gesi kwa mizani: takribani asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa ile ya awali. Anayejaza kwa kukisia huzidisha, na shinikizo likizidi kompresa huumia.

Kijana huyu alifundishwa hayo chuoni kwa Kiingereza, na kazi anaifanya kwa Kiswahili. Katika mwanya huo ndimo kompresa yangu ilimofia. Si kwamba Kiswahili ni maskini. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka uleule baba aliponunua gari. Lakini kamusi hiyo haikuteremka gereji, nasi tulioajiriwa kuilinda lugha hatukuifuata huko. Mimi mwenyewe huwaambia wanafunzi kwamba neno lolote linaloeleweka baina ya wasemaji latosha. Fundi wa kwanza nami tulielewana kikamilifu.

Tena jihadharini na hili jina "gesi mpya" linalosikika sana. Gesi 134a haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake ikivuja huongeza joto la dunia kuliko kilo 1,300 za hewa ya ukaa kwa muda wa miaka 100. Ndiyo maana iliwekwa katika Mapatano ya Kigali ya mwaka 2016 ili ipunguzwe, na katika Umoja wa Ulaya magari mapya hayaruhusiwi kuitumia tangu mwaka 2017. Upya wake uko midomoni mwetu. Kwa hiyo fundi na auulize mteja namba, na mteja na amtajie namba. Asiyeijua na aifunue boneti asome.

Na boneti iwe na cha kusomwa. Kazi ilipokwisha, kijana alinitaka niandike kibandiko, akisema mwandiko wake ni mbaya. Nikaandika kwa Kiswahili: "Gesi 134a. Oili ya esta. Usitie gesi 12." Pamoja na tarehe na uzito.

Mwezi uliopita tulipita Mackinnon Road saa saba mchana, madirisha yamefungwa. Katika foleni ya Changamwe ubaridi ulipungua, kama kijana alivyokuwa amenionya. Gesi hii haipozi sawa na ile gari likisimama juani. Mama hakujua. Alikuwa amelala tangu Samburu.