Paji la uso linapodanganya

Nilikwenda kuuliza bei. Mitandaoni picha za "kabla" na "baada" ya upasuaji wa kope zimezagaa, na nilitaka kujua nani anafanyiwa, kwa kiasi gani. Bei nikaisahau, kwa sababu ya kidole gumba.

Daktari bingwa wa macho niliyemkuta jijini Dar es Salaam, ambaye aliomba nisimtaje jina, alikuwa akimpima mama wa makamo aliyeshuka kope zote mbili. Nilisubiri mashine. Akatoa rula ya plastiki, kisha akaikandamiza nyusi ya yule mama kwa kidole gumba, barabara, isichezecheze.

"Haya mama, tazama chini. Sasa tazama juu, kichwa kitulie."

Rula imesimama wima mbele ya jicho. Daktari anahesabu milimita ambazo ukingo wa kope umepanda. Akahamia jicho la pili, kidole tena juu ya nyusi.

Kwa nini kidole? Kwa sababu paji la uso hudanganya, anasema. Mwenye kope nzito huziinua kwa nyusi kutwa nzima bila kujijua. Ndiyo maana mikunjo ya paji haimwishi, na jioni kichwa kinamgonga. Ukiizuia nyusi, unaona kazi ya msuli wa kope peke yake. Kope nzima hupanda milimita 15 hivi. Ikipanda 4 au pungufu, kuukaza msuli ule hakusaidii sana. Hapo daktari huiunganisha kope na msuli wa paji la uso, kwa utepe wa silikoni au kwa utando unaotolewa pajani kwa mgonjwa mwenyewe. Yaani ule udanganyifu uliozuiwa kwa kidole ndio unaogeuzwa kuwa tiba. Sijaacha kuufikiria.

Wengine msuli wao hauna neno. Ni ngozi tu iliyolegea kwa umri na kuiangukia kope. Hao hupunguzwa ngozi, kwa kiasi, kwani ikikatwa nyingi jicho halifumbi na hukauka. Lakini ukimkata ngozi mwenye tatizo la msuli, atatoka na kovu na kope yake imeshuka vilevile.

Na nani alipe? Marekani, bima nyingi hutaka mgonjwa apimwe upana wa anachokiona mara mbili: kope zikiwa zilivyo, kisha zikiwa zimeinuliwa kwa plasta. Tofauti ikiwa kubwa, ni matibabu. Ikiwa ndogo, ni urembo, ajilipie. Daktari wangu anaona kipimo hicho kina maana, ila hakimtoshi. Fundi cherehani anayekosa kidogo tu kufikia kiwango, lakini hawezi kutunga uzi jioni, ni mgonjwa au mpenda urembo? Nilimuuliza. Akatikisa kichwa, akaendelea kuandika.

Ziko pia kope zisizohitaji kisu. Katika ugonjwa wa myasthenia gravis, kinga ya mwili hushambulia pale neva inapokutana na msuli, na kope huzidi kushuka kadiri siku inavyokwenda. Daktari huweka barafu juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 2. Kope ikipanda milimita 2 au zaidi, ugonjwa huo hushukiwa na vipimo vingine hufuata. Mwaka 1934, huko Greenwich, Uingereza, Dkt. Mary Walker alimdunga mgonjwa wa aina hiyo dawa ya fisostigmini, na kope ikainuka kwa muda. Ndio ulikuwa mwanzo wa tiba ya maana ya ugonjwa huo.

Anayemsikitisha zaidi daktari ni mtoto. Kope ikimfunika mboni tangu utotoni, ubongo hauzoei kulitumia jicho lile, na akichelewa sana upasuaji huinua kope bila kurudisha uoni. Ukimwona mwanao anainua kidevu kila anapotazama kitu, mpeleke akapimwe mapema. Na mtu mzima, kope ikianguka ghafla, kichwa kikauma sana au mboni moja ikawa kubwa kuliko nyenzake, aende hospitali saa hiyohiyo: huenda mshipa wa damu kichwani umevimba na unakandamiza neva.